Mfumo wa Bure na Ushindi wa Mzee

Jumapili, 5 Mei

Siku mbaya. Mwanyumba amekuja kututembelea. Huyu ndiye aliyemuoa dada yake mke wangu, na tangu tuoe nyumba moja hajanipa pumzi. Kwa siri namwita Bwana Risiti, maana hanunui hata soksi bila kukuonyesha karatasi ya dukani.

Amemkuta mama mkwe kwenye kompyuta, anacheza karata kama kawaida yake baada ya chai. Wakati huohuo ukajitokeza ule ujumbe. Kwamba mfumo endeshi wa kompyuta hii umepitwa na wakati na hautalindwa tena. Ujumbe huu unakuja kila siku, sisi tunaufunga tu na maisha yanaendelea. Mwanyumba akausoma kwa sauti, taratibu, mpaka neno la mwisho. Kisha akasema kwake kuna kompyuta mpya, skrini pana kama dirisha, na chumba kimoja kipo wazi. Mama aje akae huko.

Mama akasema atafikiri.

Atafikiri! Miaka yote mwanyumba anamwalika, na hajawahi kufikiri hata mara moja.

Niandike wazi kwa nini jambo hili limenikosesha raha. Katika nyumba hii mama mkwe ndiye wakili wangu pekee. Mimi ni msimamizi wa ghala la rangi. Nilipopaka bafu rangi ya njano ya kuchorea barabara, mke wangu alinuna wiki nzima. Mama akasema itamsaidia anayeamka gizani asigonge ukuta. Akiondoka, nani atanitetea?

Na kompyuta yenyewe ilikuwa ya marehemu baba mkwe, Mzee. Alicheza karata humo mpaka mwisho wa maisha yake. Ubao wa washindi bado una jina lake juu kabisa, na la mama chini yake, ameachwa kidogo tu. Siku moja mama aliniambia anataka ampite Mzee mara moja, basi, kisha amwambie. Sikumuuliza atamwambia vipi.

Kesho naanza likizo. Nitaitengeneza mashine hii mwenyewe, mwanyumba ashike adabu.


Jumatatu, 6 Mei

Nimeibeba kompyuta hadi kwa fundi, kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na mchonga funguo. Ameifungua, ameipuliza vumbi, amekohoa. Amesema mfumo mpya wa kununua ni mzito, mashine hii itashindwa hata kuuwasha. Ila ipo mifumo ya bure. Programu huria. Mtu yeyote anaruhusiwa kuchungulia ndani yake, kuinakili na kumpa jirani.

Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Akasema watu wote. Nikamuuliza basi ikiharibika anayekasirika ni nani. Akasema watu wote.

Sijaelewa, lakini nimetikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Ameniazima flashi yenye mifumo minne ndani yake. Akairekebisha kompyuta ili kila ikiwashwa ianze kutazama kwenye flashi. Akaanza kunieleza jinsi ya kujaribu mfumo mmoja mmoja, kwanza hivi, halafu vile, na nini nisibonyeze. Hapo mke wangu akapiga simu kuuliza funguo za kabati ziko wapi. Zilikuwa mfukoni mwangu. Nilipomaliza kukana, fundi naye alikuwa amemaliza kueleza. Nikamwambia yote nimeyapata.

Neno "jaribu" nimelisikia vizuri sana. Mengine ni ya kujiongeza.


Jumanne, 7 Mei

Flashi imeingia. Yakaja majina manne yasiyotamkika, nami nimeyapa yangu kufuatana na rangi zake: Kijani, Bluu na Kijivu. Wa nne ni skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Huyo ni Bwana Giza na sina haja naye.

Mama mkwe amevuta kiti. Amesema kitu cha bure hakiingii nyumbani bila kuulizwa ukoo wake. Huyu Kijani ni wa kina nani? Nimesoma kwenye simu. Kumbe hawa wote ni ndugu! Kijani ametokana na Bluu, Bluu ametokana na Kijivu, na Kijivu ni babu mwenye watoto kila kona ya dunia. Bwana Giza hana jamaa, na watu wake wanaringa kwa hilo.

Mama ameamua papo hapo. Kijani. Mjukuu aliyelelewa na babu yake huwa na heshima.

Nimemchagua Kijani. Dakika chache tu, huyo hapo, anang'aa! Mwanyumba alikaa siku nzima na muuzaji, mimi nimemaliza kabla chai haijapoa. Nimeweka picha ya maua. Nimesawazisha saa. Pembeni kuna kipicha kinachosema "Sakinisha Kijani". Tangazo hilo. Mgeni keshaingia sebuleni, bado anabisha hodi ya nini? Sikukigusa.

Mama ameipata karata mwenyewe. Ni tofauti kidogo, lakini karata. Akafungua ubao wa washindi.

Mtupu.

Akaniuliza Mzee yuko wapi. Mfumo mpya umeingia, kwa hiyo wa zamani umetoka, na kila kilichokuwa ndani yake. Nimemfuta Mzee kwa mikono yangu.

Nimemwambia anahama. Vitu vinahama taratibu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Mama akakubali. Akasema Mzee alikuwa mzito wa kufunga mizigo tangu ujana wake. Kisha akacheza mpaka jioni akashinda michezo mingi, akawa anatabasamu peke yake. Mimi nilishindwa kumwangalia usoni.


Jumatano, 8 Mei

Asubuhi nimewasha, nikamchagua Kijani. Maua hakuna. Saa imerudi kule kule kwenye uongo. Mtandao unaomba tena nywila kana kwamba hatujawahi kuonana. Na ushindi wote wa mama wa jana umeyeyuka.

Mama amenitazama mimi. Kisha amemtazama mke wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka zamu ya wodi ya wazazi. Mke wangu akasema amekesha akipokea watoto wa watu, hana nguvu za kuja kuiba ushindi wa karata. Akaenda kulala na sare yake.

Nimeuliza mtandaoni, kwenye baraza la wapenzi wa mifumo huria. Swali langu lilikuwa fupi: mfumo gani hausahau? Majibu yamemiminika. Wa kwanza akasema Bluu. Wa pili akasema anayetumia Bluu anastahili yote yanayompata. Wa tatu akaniambia nikasome mwongozo. Wa nne akataka nieleze nilivyofanya hatua kwa hatua, nikaona huyu ni mbea. Baadaye wawili wakaanza kugombana juu ya jambo lililowahi kutokea baina yao zamani, humohumo kwenye swali langu, wala hakuna aliyenikumbuka tena. Nimejaribu kuwapatanisha. Wote wawili wamenitukana.

Nimemchagua Bluu. Mama hakupendezwa. Amesema hajawahi kuona mtu anamwacha mtoto ili amchukue baba.

Lakini kacheza, na kashinda. Ameuliza tena kama Mzee amefika. Nimesema yuko njiani.


Alhamisi, 9 Mei

Bluu naye amesahau kila kitu!

Nimekaa chini nikafikiri kwa utulivu. Mifumo miwili ya bure, wote wanasahau baada ya usiku mmoja tu? Haiwezekani. Hii ni hujuma. Nani anafaidika mama akikosa raha hapa? Mwanyumba. Anaingia kwa njia ya mtandao sisi tukiwa tumelala, anafuta.

Nimechomoa kile kisanduku cha mtandao ukutani nikakificha kwenye kapu la nguo chafu. Sikumwambia mtu. Siri ikitoka hujuma haikamatiki.

Matokeo yake mke wangu hakuuona ujumbe wa wodini kwamba zamu yake imebadilishwa. Amevaa, amesafiri, amefika, ameambiwa leo ni siku yake ya mapumziko. Amerudi akiwa kimya, na mimi namfahamu akiwa kimya. Akaanza kufua. Akakikuta kisanduku kati ya mashati yangu.

Aliyoyasema sitayaandika. Nilimtazama mama mkwe nikitegemea neno la utetezi, japo moja. Mama akageuza kiti akaelekea dirishani. Sijawahi kuachwa hivi mahakamani bila wakili.

Hata hivyo mtego uko tayari. Nimemchagua Kijivu, babu mwenyewe, bila mtandao wowote. Mama kacheza michezo miwili tu kisha akaacha. Amesema anacheza kwa ajili ya nini kama hakuna wa kumkimbiza.


Ijumaa, 10 Mei

Kijivu kasahau. Bila mtandao! Maana yake mwanyumba hana hatia, na jambo hilo limeniudhi kuliko yote ya wiki hii.

Mama alikwenda kupimwa macho. Nikabaki peke yangu na Kijivu na ule ubao mtupu. Ndipo likanijia wazo zuri. Kama Mzee hawezi kurudi, si nimrudishe mimi? Nikaandikisha mchezaji kwa jina lake. Kilichobaki ni kumchezea mpaka afike alipokuwa, kazi ya asubuhi moja tu.

Sikujua kwamba karata ni ngumu kiasi hicho. Mama huonekana kama anazipangusa tu vumbi. Nimecheza mpaka vidole vikafa ganzi, na kila mchezo ukinishinda nilianza mwingine kwa hasira. Mama aliporudi, ubao ulisema hivi: Mzee, amecheza mara thelathini na moja, ameshinda mara moja.

Nilitaka kuufunga. Nikabonyeza pasipotakiwa, ukatanda skrini nzima.

Nikasema mama, tazama, Mzee amefika.

Akavaa miwani. Akasoma. Akaivua, akaifuta, akasoma tena. Kisha akaniuliza kwa upole kama mimi nadhani yeye aliishi maisha yake yote na mwanamume anayeshindwa namna ile. Akaniuliza Mzee yuko wapi, safari hii nimwambie kweli.

Nikamwambia kweli.

Hakunigombeza. Ameingia chumbani kupanga nguo zake kwenye begi, akampigia mwanyumba mwenyewe. Mwanyumba alifika upesi mno, nadhani alikuwa amejibanza mtaa wa pili. Akabeba begi la mama kwa mikono miwili kama kombe. Mlangoni akanishika bega, akasema nisijali, kitu kisicho na risiti ndivyo kilivyo, kikiharibika huna pa kukirudisha.

Lililoniumiza si hilo. Mke wangu alikuwa amesimama pale, akasikia yote. Nilitegemea makelele, makelele nimeyazoea. Badala yake akaketi mbele ya kompyuta akaweka mikono mapajani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huyu Mzee ni baba yake. Nimejisikia mdogo, sina namna nyingine ya kusema.


Jumamosi, 11 Mei

Nyumba imepoa. Hakuna anayeshinda, hakuna anayeshindwa. Nimetengeneza chai ya watu watatu kwa mazoea, ikabidi ninywe vikombe viwili. Kiti cha mama kiko palepale, hata kukisogeza siwezi. Nampenda yule mama. Sijui kwa nini huwa simwambii.

Fundi amepiga simu, anaitaka flashi yake kwa mteja mwingine. Nimeichomoa kwa hasira. Kisha nikaiwasha mashine hivyohivyo bila chochote, nikitaka ikiri yenyewe kwamba ni tupu.

Ikanguruma. Ikachelewa. Ikawaka.

Kwamba mfumo endeshi wa kompyuta hii umepitwa na wakati na hautalindwa tena.

Sijawahi kusoma maneno matamu kama hayo. Nimeufungua ubao. Mzee juu, mama chini yake, kama walivyokuwa Jumapili. Nikamwita mke wangu. Akaja mbio na povu la sabuni mikononi, akaweka kidole kwenye jina la baba yake, povu likateremka kwenye skrini na hakuna aliyejali. Tumelia wote wawili. Akampigia mama. Mama akauliza kama ni yeye kweli au ni yule wa jana. Alipoapiwa akasema kesho anarudi, mwanyumba atamleta.

Nimempelekea fundi flashi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalazimika kukaa chini. Kisha akanieleza. Wiki nzima mifumo ile ilikuwa ikiishi kwenye flashi, ya majaribio tu. Ukizima mashine, inasahau yote, ndivyo ilivyoundwa. Diski yenyewe ya kompyuta haijaguswa hata kidogo. Mpaka ubonyeze "Sakinisha" na ukubali diski ifutwe. Hapo ndipo mfumo unahamia kweli, na cha zamani hakirudi, kwa hiyo mtu huanza kwa kunakili vitu vyake pembeni.

Safari hii simu haikulia, nimesikia kila neno.

Nimenunua flashi yangu mwenyewe, akaniwekea Kijani humo. Kwa kumbukumbu tu.


Jumapili, 12 Mei

Nimeamka mwepesi. Mke wangu ameniapisha nisiiguse kompyuta. Nimeapa.

Ila kuna jambo linanisumbua. Mwanyumba ndiye anayemleta mama. Ataingia, mama ataketi, na ule ujumbe utajitokeza mbele ya macho yake kama Jumapili iliyopita. Atausoma tena kwa sauti. Tutakuwa tumezunguka wiki nzima kurudi palepale, naye atabaki na kile chumba chake kilicho wazi. Na mama akipata nafasi ya kufikiri mara ya pili?

Wakati mama mwenyewe alimpenda Kijani. Alimchagua yeye, kwa ukoo wake.

Nimelipima jambo hili pande zote. Fundi anasema "Sakinisha" inafuta. Fundi lazima aseme hivyo, asiposema hivyo nani atampelekea kazi? Mimi sitegemei maneno ya watu, nina uzoefu. Wiki hii nimebadilisha mifumo mitatu kwenye mashine hii. Nimelia, nimetukanwa, nimekimbiwa. Mwisho wa yote Mzee alikuwa palepale, hajapungua hata mchezo mmoja. Unaopotea ni ushindi mpya, wa zamani haung'oki. Hilo nimelishuhudia kwa macho yangu, fundi hakuwepo.

Mke wangu ametoka kuwasubiri getini. Nimeingiza flashi. Nimebonyeza "Sakinisha".

Ikaniuliza kama ifute diski yote. Nikafikiri kidogo. Kijani, asiyeweza kukumbuka picha ya maua mpaka asubuhi, atamfuta nani? Nikakubali. Ikaniuliza kama nina uhakika. Wiki nzima watu na mashine wananiuliza maswali nisiyoyajua, hatimaye limekuja ninalolijua.

Naandika haya huku mstari wa kijani ukijaa. Sasa umepita nusu. Unakwenda vizuri sana, bila kelele.

Gari limesimama. Nasikia mwanyumba anauliza begi aliweke wapi. Mama hakungoja begi. Ameingia moja kwa moja hadi mezani, miwani tayari usoni, amenishika mkono. Amesema alikosa usingizi kule, kompyuta ya mwanyumba ina kila kitu lakini hakuna mtu ndani yake. Ameuliza Mzee yupo?

Nimemwambia avute kiti akae, Mzee anakuja sasa hivi.